Pweza wa Daraja la Pili

Jua lilikuwa halijapanda sana, na Kokulinda alikuwa akigeuza dagaa kwenye chanja zake pale mwalo wa Nyamabwe, ufukwe wa kushushia samaki, Dorotea alipomwita kutoka kwenye mawe.

"Mama Clavery, njoo uone. Huyu wangu ameandikwa."

Kokulinda alimaliza kwanza safu aliyokuwa nayo. Dagaa wasipogeuzwa asubuhi hunata kwenye wavu wa chanja, wakinata hukatika vichwa, na dagaa wasio na vichwa hununuliwa na watengeneza chakula cha kuku kwa bei ya kejeli. Alisomea usindikaji wa chakula mpaka stashahada, lakini hilo la vichwa hakulisomea, lilimfundisha hasara. Aliegemeza fagio lake, akajifuta mikono kwenye kanga, akashuka majini.

Pweza walianza kuonekana Nyamabwe baada ya mvua za vuli. Walikaa kwenye nyufa za mawe makubwa yanayoingia ziwani, na siku za kwanza watu walijadiliana kama wana magamba au hawana. Wasabato wakathibitisha kwamba hawana, wakajitoa. Wengine wakauliza wanapikwaje. Dorotea, ambaye aliwahi kuolewa Tanga, akaonyesha: unampiga kwenye jiwe mpaka alegee, unamchemsha, unamkatakata. Mtu mmoja alisema pweza ni wa maji ya chumvi na ziwa halina chumvi. Dorotea akamjibu kwamba kila mtu atatia yake sufuriani. Mjadala ukaishia hapo.

Baadaye Yeremia, bwana samaki wa eneo lile, alikuja na maikrofoni na maji ya chupa, akawaambia kwamba pweza ni rasilimali mpya ya ziwa. Soko lipo nje, alisema, na uzuri wa pweza ni kwamba mwanamke anamvua kwa miguu. Hili la mwisho wanawake walilipigia makofi ya kweli. Pale Nyamabwe mwanamke hapandi boti. Akikanyaga hata ukingo, wenye boti huiosha kwa majani na kumpelekea mumewe maneno. Kwa hiyo miaka yote walisimama ufukweni wakingoja mwanaume ateremke, achague wa kumuuzia na wa kumzungusha. Sasa kila mmoja alikuwa na nondo yake iliyopindwa ncha, akiingia majini mpaka magotini na kutoka na kitu chake mwenyewe.

Pweza wa Dorotea alikuwa amelazwa juu ya jiwe. Alikuwa wa kijani, na ubavuni, kuanzia kichwani kushuka kwenye mkono mmoja, alikuwa na herufi za njano: NEEMA TELE.

"Mguse," alisema Kokulinda.

Dorotea alimgusa kwa nondo. Pweza akakasirika. Kijani kikamtoka kama maji yanavyotoka kwenye nguo, akawa mwekundu, na badala ya herufi za njano zikaja nyeupe, zilizochakaa kidogo: JASHO LANGU.

Wanawake waliokuwa karibu walisogea, wakasoma.

"Kule Tanga," alisema Dorotea, "akilala kwenye mchanga anakuwa mchanga. Akilala kwenye jiwe anakuwa jiwe."

"Basi huyu kalala kwenye boti," alisema Kokulinda.

Hakuna aliyeuliza boti gani. Jasho Langu ilikuwa boti ya Mzee Luhende, na mwaka uliopita wakaguzi waliikataa. Mbao zake za chini zilikuwa zimeoza kiasi kwamba kidole kilizama. Waliagiza ipasuliwe iwe kuni. Luhende aliivuta mpaka nyuma ya nyumba yake, na baada ya muda ikarudi ufukweni ikiwa ya kijani, ikiitwa Neema Tele. Mwalo mzima uliiona ikirudi. Baadhi ya waliosimama pale siku hiyo walisaidia kuisukuma majini, kwa sababu walioitwa kusukuma hupewa dagaa wa kitoweo.

Ilizama katika giza la mwezi, wakati wa kuvua dagaa, ikiwa na watu wanne. Watatu waliogelea wakiwa wamekumbatia madumu. Nahodha hakurudi. Nahodha alikuwa Clavery, mtoto pekee wa Kokulinda. Luhende aliwaambia wakubwa kwamba boti ilikuwa mpya na nzima, na nahodha alikuwa amelewa. Wale watatu waliopona walisema vilevile, kwa kuwa walikuwa bado wanavua katika boti nyingine za Luhende. Clavery hakuwa mnywaji. Hata misibani kwao Muleba, kibuyu cha rubisi kilipomfikia alikipitisha kwa jirani kama mtu anayepitisha mtoto wa watu.

"Usimpige, Dorotea," alisema Kokulinda. "Mweke hai."

Dorotea alimtazama, kisha akatazama gari la barafu lililokuwa likisubiri juu kwenye mti wa mizani. Alikuwa na watoto watano nyumbani. Alimshika pweza kichwani, akampiga kwenye jiwe. Kila alipompiga, herufi zilififia, mpaka akawa mweupe wa kawaida kama pweza wa watu wengine.

"Nisamehe, ndugu yangu," alisema.

"Endelea na kazi," alisema Kokulinda, akarudi kwenye dagaa wake.

Wiki ile waliandikwa wengi, na baadhi herufi hazikuwatoka zote hata walipopigwa. Wengine walikuwa na jina zima, wengine nusu, na mmoja alikuja na picha ya ubao uliooza, na kila tundu la msumari lilionekana. Mnunuzi mwenye gari la barafu alilalamika. Alisema wateja wake wa nje hawataki samaki mwenye maneno. Yeremia alikuja kutatua. Aliwageuza pweza mmoja mmoja kwenye meza ya mizani, akawasoma wote, akakohoa.

"Wenye maandishi ni daraja la pili," alisema. "Wasio na maandishi, daraja la kwanza."

"Bwana Samaki, na unayasoma?" aliuliza Kokulinda.

"Nayasoma, mama. Mimi nimesoma shule."

"Yanasemaje?"

"Yanasema daraja la pili."

Basi wanawake wakajifunza kuwasugua kwa majivu na chumvi baada ya kuwapiga, na pweza wengi wakapanda daraja.

*

Kamati ya wilaya iliyokuwa ikishughulikia ajali ilitangaza kikao cha mwisho siku ya Alhamisi. Baada ya hapo jambo lingefungwa. Kokulinda alielewa vizuri maana yake. Likifungwa jinsi lilivyo, kosa ni la marehemu, na mwenye boti hawezi kulazimishwa kuipandisha. Na boti isipopandishwa, Clavery atabaki humo. Alikuwa ndani ya boti, hilo alikuwa na hakika nalo. Angekuwa nje, ziwa lingekuwa limeshamtoa, kwa sababu lile ziwa halikai na mtu siku nyingi.

Kashaija, kaka wa marehemu mumewe, alimpigia simu kutoka Muleba.

"Shemeji, wazee wamekaa. Tuzike shina la mgomba, kama desturi ya asiyeonekana. Kaburi lisikae wazi kwenye fikra za watu."

"Mgomba sikuuzaa mimi," alisema Kokulinda. "Nipeni mpaka Alhamisi."

Jumanne jioni Luhende alikuja mwenyewe. Alikuwa mtu mpole, mwenye kofia ya kufuma, asiyepandisha sauti hata akimfukuza mtu kazi. Alikaa kwenye ndoo iliyofunikwa, akausifu mkao wa chanja.

"Mama Clavery, habari za tangu juzi?"

"Nzuri. Umekalia ndoo yangu."

Alisimama, akatafuta mahali pengine, akakosa, akabaki amesimama.

"Nasikia una shaka na pweza," alisema.

"Sina shaka hata kidogo."

"Pweza ni mdudu tu, mama. Anaiga chochote. Kesho ataiga shati langu, utasema nimezama mimi?"

"Ukizama nitasema."

Luhende alicheka, kwa sababu alikuwa mtu wa kucheka. Kisha akasema kwamba kuanzia kesho, kwa ajili ya usafi na ubora, hakuna pweza atakayetoka Nyamabwe akiwa hai. Wote wauawe pale pale kwenye mawe. Amezungumza na uongozi wa mwalo, nao wamekubali. Vijana wake watakaa njiani kukagua ndoo. Akamtakia usiku mwema, akapanda kilima polepole, akisalimia kila mtu kwa jina.

*

Alhamisi alfajiri Kokulinda aliingia majini na nondo ya Dorotea. Hakuwahi kuvua pweza. Alichomeka ncha kwenye ufa, akahisi uzito ukiishika nondo kutoka ndani, ukavuta. Yeye akavuta. Walivutana hivyo, mama na ufa wa jiwe, mpaka mikono ikamchoka. Kisha akakumbuka kwamba anamtaka mzima. Akaachia nondo, akatia mkono. Pweza akaupanda mkono wake mpaka kiwikoni kama mtoto anayeogopa kuachwa. Akatoka naye hivyohivyo, akamshusha ndani ya ndoo nyeupe yenye maji ya ziwa, akafunika.

Njia ya kutoka mwaloni ilikuwa moja, kati ya mawe mawili. Hapo alikaa Masalu juu ya tairi. Masalu alikuwa mmoja wa wale watatu wa madumu. Alikuwa amesoma darasa moja na Clavery, na miaka ya nyuma alikula ugali kwa Kokulinda zaidi ya kwao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Ndoo ina nini?"

"Maji."

"Maji unayapeleka wapi, mama, na mjini kuna bomba?"

"Bomba la Mabatini limekatika tangu jana. Ninashukia huko kwa mdogo wangu."

Masalu alitazama kilimani. Huko juu Luhende alikuwa amesimama kibarazani na kikombe cha chai, akiwatazama. Masalu akafungua mfuniko. Ndani kulikuwa na maji na weupe wa ndoo. Pweza alikuwa amekuwa ndoo, mpaka ule mstari wa lita. Masalu aliinama, akakunja mkono wa shati, akatumbukiza mkono.

Kokulinda aliona mshipa wa shingo yake ukisimama. Chini ya maji kulikuwa na kitu kimemshika kiganja, na kilikuwa hakikimbii. Kilimshika jinsi mtu anavyomshika mwenzake aliyemkosa siku nyingi. Masalu alibaki ameinama. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso na kudondokea ndooni.

"Masalu!" aliita Luhende kutoka juu, bila kupaza sana. "Kuna nini humo?"

Masalu aliutoa mkono taratibu. Kiganja kilikuwa na alama za mviringo, nyekundu, safu mbili. Alishusha mkono wa shati akazifunika.

"Maji tu, mzee!"

Akarudisha mfuniko, akaugandamiza kwa viganja vyote viwili mpaka ukalia.

"Pita, mama," alisema, bila kumtazama usoni. "Na ukifika Buzuruga umbadilishie maji. Anapumua kwa shida."

*

Aliyabadilisha maji Buzuruga, kwenye mgahawa wa mama mmoja aliyemwuliza kama ni kambare. Akasema siyo. Yule mama hakuuliza zaidi, kwa kuwa chapati zilikuwa zinaungua. Dereva wa bodaboda alimfikisha ofisini kabla kikao hakijaanza, akaibeba ndoo mpaka mlangoni na kulalamika kwamba ina kitu kinachogonga kwa ndani.

Mezani kulikuwa na wajumbe, mwenyekiti wao aliyekuwa mama mwenye miwani ya kamba, Yeremia bwana samaki, na Luhende, ambaye alikuwa amewahi kufika kwa gari lake na kumchagulia Kokulinda kiti kisicho na mguu mbovu.

Ilipofika zamu yake, Kokulinda hakuhutubia. Alisema boti iliyomuua mwanawe ni ileile iliyokataliwa, na anaomba ipandishwe ili amzike. Kisha akafungua ndoo na kumweka pweza juu ya meza.

Pweza akatulia. Polepole akawa meza. Akawa na mistari ya mbao, na duara la kikombe cha chai pale palipokuwa na duara la kikombe cha chai. Mjumbe mmoja akauliza yuko wapi. Luhende akajifuta midomo kwa leso, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo mabega yake yakashuka.

Kokulinda hakuwa na la kufanya isipokuwa kungoja. Maji yalikuwa yakimwishia pweza, yakitiririka ukingoni na kudondoka sakafuni, na yeye aliyasikia. Akifa atakuwa mweupe, na mweupe hana ushahidi. Aliweka kiganja juu ya kile kilichoonekana kama meza.

"Sema," alisema, kwa ile sauti aliyozoea kumwamshia Clavery shule.

Pweza akawa wa kijani. NEEMA TELE, njano, herufi zimenyooka. Akavuta pumzi, akawa mwekundu. JASHO LANGU. Halafu yote mawili kwa pamoja, la kijani likibanduka na jekundu likitokea chini yake, kama rangi inavyobanduka kwenye ubao uliolowa.

Wajumbe walisoma kwa sauti. Katibu aliomba arudie herufi ya mwisho, pweza akairudia.

"Hapo hakuna ubishi," alisema mwenyekiti. "Mzee Luhende, hii ni boti yako?"

Luhende alikuwa ameinamisha kichwa. Alifikiri kidogo, na Kokulinda aliona mawazo yakimpita usoni kama kivuli cha wingu juu ya maji. Kisha akainua kichwa.

"Ni yangu," alisema. "Siwezi kukataa mali yangu."

"Ile iliyokataliwa."

"Ndiyo ileile, mheshimiwa. Kosa langu ni kuipaka rangi."

Mwenyekiti alimshukuru kwa ukweli wake. Katibu akaandika. Yeremia akanyoosha mkono, akaomba kuchangia kitaalamu. Alisema kwamba sasa imethibitika pweza wa Nyamabwe wanalala na kuzaliana ndani ya boti hiyo. Mtaga mayai asisumbuliwe. Kuipandisha boti ni kuua rasilimali mpya ikiwa bado changa, na taifa linaihitaji. Alipendekeza eneo lifungwe kwa miezi kadhaa, liwekewe maboya mekundu, kama wafanyavyo wenzetu wa pwani, na likifunguliwa liwe na msimamizi.

"Msimamizi nani?" aliuliza mjumbe mmoja.

"Kwa kawaida ni mwenye nyumba," alisema Yeremia. "Nyumba yao ni boti, na mwenye boti amekiri hapa mbele yetu."

Wajumbe walitikisa vichwa kukubali. Lilikuwa jambo lenye mantiki.

"Na Clavery?" aliuliza Kokulinda.

Mwenyekiti alivua miwani. Alionekana mtu mwenye huruma, na huenda alikuwa nayo.

"Mama, nahodha ana wajibu wa kukagua chombo kabla ya kuondoka. Kama boti ilikuwa mbovu kiasi hiki, na wewe umetuthibitishia kuwa ilikuwa mbovu, basi kwa nini aliipeleka majini? Tulikuwa tumeandika ulevi. Tutafuta ulevi. Tutaandika uzembe."

Pweza alikuwa amekufa katikati ya maneno hayo. Alikuwa mweupe. Mhudumu wa ofisi alikuja na kitambaa kufuta meza, akauliza kama wanamtumia.

*

Eneo lilifungwa. Maboya yalifungwa kamba kuzunguka mawe, na wanawake wakarudi kusimama ufukweni wakingoja boti. Nondo zilitundikwa ukutani. Kokulinda alimpigia Kashaija, akaomba shina la mgomba lingoje. Lilipofunguliwa, Luhende alikata utepe, na kila mwanamke aliingia majini kwa kibali chake na kumuuzia yeye tu. Boti zake mbili zilipakwa rangi mpya msimu huo. Watu waliona zikirudi kutoka nyuma ya nyumba, wakasaidia kusukuma.

Luhende alihitaji mtu wa kusimamia meza ya kusugua na kuchambua madaraja, mtu aliyesomea usindikaji. Kokulinda alikwenda kuomba kazi hiyo, akapewa siku hiyohiyo.

Dorotea alisimama mbele ya meza na pweza wake mkononi, akakataa kumweka chini.

"Kwa Luhende, Mama Clavery? Wewe?"

"Pweza wote wa Nyamabwe wanapita juu ya meza hii," alisema Kokulinda. "Weka."

Dorotea aliweka. Kokulinda akamgeuza pweza, akamtazama juu, chini, na katikati ya kila mkono, akamsukuma kwenye sinia la daraja la pili. Ndivyo alivyowakagua wote. Watu waliona anakawia, lakini hakuna aliyemharakisha, hata Luhende, ambaye alipopita alimsifu kwa umakini.

Alichokuwa akikitafuta hakukisema, lakini Masalu, aliyekuwa botini na Clavery, alikijua. Usiku ule wa giza Clavery alivaa shati la drafti, bluu na nyeupe. Kifungo cha tatu kilikuwa kimepotea, na Kokulinda hakuwa na cheupe nyumbani, akashona chekundu. Clavery alimlalamikia kwamba watu watamcheka. Alimjibu kwamba majini hakuna anayeangalia vifungo.

Masalu ndiye aliyemleta pweza aliyetafutwa. Sasa aliruhusiwa kuvua ndani zaidi, kwenye boti yenyewe iliyozama, kwa sababu alikuwa mwanaume na boti ilikuwa ya tajiri wake. Alikuja na ndoo yenye maji, pweza akiwa hai ndani, akaiweka juu ya meza badala ya kumwaga, akasimama pembeni na mikono nyuma.

Pweza alikuwa wa drafti, bluu na nyeupe, na mikunjo pale kiwiko kinapokunja. Katikati ya kifua alikuwa na doa jekundu, la mviringo, lenye matundu manne na uzi mweupe ulioshonwa kwa msalaba. Kokulinda alishona vifungo kwa msalaba siku zote.

"Daraja la pili," alisema karani wa mizani, akichungulia. "Ana doa."

"Nimemwona," alisema Kokulinda. "Mpime. Namnunua mimi."

Alilipa kama mteja mwingine yeyote, akavua aproni, akaifunika ndoo. Masalu aliibeba mpaka kituoni bila kuambiwa, na njiani hakuna aliyeikagua ndoo mkononi mwake.

Katika basi la Muleba konda alimuuliza ndoo ina nini.

"Mwanangu."

"Ana tiketi?"

"Nimempakata."

Konda aliinama, akachungulia pale mfuniko ulipokuwa umeachiwa nafasi ya hewa, akanyooka.

"Wanaopakatwa hawalipi," alisema, akaendelea na abiria wengine.

Alibadilisha maji kila basi liliposimama. Aliwasili kwa Kashaija pweza akiwa hai bado, na wazee wakiwa wamekaa migombani, wamejulishwa. Shina la mgomba walilokuwa wamelitayarisha lilikuwa limelala kando ya shimo. Kashaija alitazama ndani ya ndoo kwa muda.

"Ni yeye, shemeji?"

Kokulinda alimwonyesha kifungo.

Kashaija aliwageukia vijana waliochimba, akawaambia shimo ni refu mno, warudishe udongo kidogo. Wakamviringisha kwa lubugo, kile kitambaa cha gome la mti wanachozikwa nacho watu wa ukoo ule, katekista akasoma, na wakamshusha. Kokulinda alishika mkono mmoja mpaka ulipoachia wenyewe. Drafti ilikuwa ya kwanza kuondoka. Kifungo kilibaki mpaka udongo ulipokifunika.

Redio ya jirani ilikuwa inazungumza ng'ambo ya migomba. Ilisema mavuno ya pweza ziwani yamepanda, na wavuvi wanakumbushwa kwamba ajali nyingi husababishwa na uzembe wa manahodha. Mtu alikwenda akaomba ipunguzwe, ikapunguzwa.

Alasiri liliingia gari dogo lenye barafu. Dereva alishusha katoni, akavua kofia, akasema ni rambirambi kutoka kwa Mzee Luhende. Walikuwa pweza, daraja la kwanza, waliosuguliwa vizuri. Watu walikuwa wengi, wengine wamesafiri kutoka Magu na Mwanza usiku kucha, na maharage yaliyobaki yasingetosha hata nusu yao. Wanawake wa jikoni walimtazama mwenye msiba.

Kokulinda alitandaza majani ya migomba, akawapanga pweza juu yake. Akamgeuza kila mmoja, juu na chini na katikati ya kila mkono, akitafuta kifungo, kitambaa, herufi. Walikuwa weupe kabisa. Alikuwa amewasugua yeye mwenyewe.

"Injikeni maji," alisema. "Watu wametoka mbali."

Akawakatakata, akawatumbukiza, akakaa na mwiko mbele ya moto. Povu lilipopanda aliliengua pembeni, akaonja. Hawakuwa na ladha ya chochote. Ziwa halina chumvi. Akatia yake.